Nyumba Isiyo na Tone

Donje Lipovo, Siku ya Mtakatifu Dimitri, 8 Novemba

Mwanangu Tihomir,

Mimi mzima, nguruwe wazima, na shangazi yako Kosara naye, sijui nimlaumu nani, mzima kabisa. Huko mlimani najua mmekatazwa simu, sigara, redio na kila kitu kinachomfanya mtu atake kuamka asubuhi, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono huu ulioishia darasa la nne. Najua pia kwamba Padre Joanikije anasoma kila barua kabla hujapewa. Padre, habari za asubuhi. Ukifika mahali nimekusema vibaya, ruka, kuna mazuri mbele.

Uliandika kwamba unakohoa. Basi kwenye kapu hili, chini ya kokwa za jozi na soksi alizofuma Kosara, kuna chupa. Nimechagua ile yenye msalaba wa mbao ndani, ule babu yako alioupachika kwa koleo siku nzima huku akitukana, maana nilifikiri hivi: nyumba ya Mungu, chupa ina msalaba, nani ataizuia? Ni rakija, pombe yetu kali ya plamu, ya mwaka juzi. Jichue kifuani, lowesha soksi uvae ulale nazo, na itakayokupitia mdomoni kwa bahati mbaya si dhambi. Ugonjwa wako wewe ulikuwa heroini, sindano, takataka za mjini. Rakija haikuhusika. Rakija ni matunda. Hata kwenye mfungo inaruhusiwa, haina nyama wala maziwa, muulize Padre.

Sasa neno lenyewe. Mtakatifu Nikola wa nyumba yetu anakuja tarehe kumi na tisa ya mwezi ujao. Mwaka jana nilisimama mlangoni peke yangu kupokea wageni wa slava, sikukuu ya mtakatifu wetu. Wakaniuliza, "Mwanao yuko wapi, Radisav?" Nikasema yuko Ujerumani, anaunganisha magari. Wakasema, "Vizuri." Wote wanajua uko wapi, ila walikuwa wanakula samaki wangu, wangesema nini. Slava hutoka mkononi mwa baba ikaenda mkononi mwa mwana, na mimi nina miaka sabini na moja. Mwaka huu nataka mshumaa uuwashe wewe. Mwaka na nusu umekaa huko unasali na kukamua mbuzi. Mwombe huyo mwenye ndevu akuachie siku tatu.

Jambo moja usishtuke ukifika. Mlango wa bafu nimeung'oa. Nimeupasua kuni. Wageni wananicheka, Kosara akija kuoga hutundika blanketi, lakini mlango sirudishi. Usiniulize kwa nini, maana wewe ndiye uliyekuwa ndani na mimi ndiye niliyeuvunja.

Vaa soksi.

Baba yako,
Radisav


Nyumba ya Lazaro, mlimani, 15 Novemba

Baba,

Shikamoo. Soksi nimevaa, kavu.

Chupa yako ilifika mezani wakati wa chakula, mbele ya watu wote, kwa sababu vifurushi hapa hufunguliwa hadharani. Padre aliinua, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Msalaba umezama." Kizibo kilikuwa kinavuja kidogo. Baba, sijui nikuelezeje harufu ile ilivyotufanya. Wanaume zaidi ya ishirini, vijiko hewani.

Mimi nimekabidhiwa mtu. Hapa kila mgeni hupewa mwenzake aliyetangulia, wanakula pamoja, wanafanya kazi pamoja, hamwachi hata akienda chooni. Tunamwita malaika wake, na najua utacheka. Mgeni wangu mimi anaitwa Gvozden, dereva wa malori, ana miaka hamsini na mabega kama ng'ombe. Aliposikia harufu ile alianza kulia kama mtoto, kisha akaruka juu ya meza. Tulimshika watu wanne. Huyu Gvozden hakuja hapa moja kwa moja. Padre alimpitisha hospitali kwanza, kwa sababu mtu aliyekunywa kama yeye akiacha ghafla bila daktari anaweza kufa. Kuacha heroini kulinitesa, lakini pombe ndiyo inayoua ukiiacha. Sikulijua hilo. Alikuwa anaona siafu kwenye shuka.

Padre alimwaga chupa yako kwenye lundo la samadi, akaosha msalaba, akautundika jikoni.

Nimemwomba ruhusa ya slava. Amekubali, kwa sharti moja: nyumbani kusiwe na tone. Si kwangu tu. Kusiwe na tone kwa wageni, kwa Svetozar jirani, hata kwako. Mapipa ya ghalani pia. Anasema mimi sina pombe ya ruhusa na pombe ya marufuku, nina mlango mmoja tu, na ukifunguka umefunguka.

Baba, nitakuambia kweli. Ninaogopa kuja kuliko nilivyoogopa kuja huku. Hapa najua nani yuko upande wangu wa kulia na nani yuko kushoto. Huko kuna kituo cha mabasi, kuna yule bwana wa kibanda cha magazeti aliyekuwa akiniuzia, kuna lile bafu. Nimefurahi mlango haupo. Niliposoma nilitoka nje nikasimama kwa mbuzi.

Ukiona huwezi, niambie. Sitakasirika.

Mwanao,
Tihomir


Donje Lipovo, Siku ya Malaika Mikaeli, 21 Novemba

Mwanangu,

Siwezi? Nani kakwambia mimi siwezi?

Leo asubuhi Svetozar amekuja na mkokoteni kuchukua mapipa ya ghalani. Nilimwambia ni amana, ayatunze mpaka Krismasi ipite, naye akaapa kwa macho ya mama yake, kwa hiyo nimeshayahesabu kama yamekwenda. Ya jikoni, ya chini ya kitanda, ya nyuma ya sanamu ya mtakatifu, na ile ndogo ya kwenye buti, nimemwaga mwenyewe bondeni. Batamzinga wa Kosara walikuwa chini. Mmoja amekaa mpaka sasa anatazama mti. Kosara hanisemeshi, na hiyo ndiyo faida ya kwanza niliyoipata kwa kuacha pombe.

Nilipokuwa namwaga, Tihomir, nilihisi kama namwagia kaburi la mtu. Basi. Tuendelee.

Wageni watasema nimekuwa Msabato. Wanakuja slava, wanasimama, wanajifanyia ishara ya msalaba, wananyoosha mkono kupokea kikombe, na Radisav anawapa juisi! Mjomba wako Cvetko angefufuka atukane kisha afe tena. Lakini nimesema hapana tone, na hapana tone. Nimefungua madirisha yote harufu itoke, na upepo unapita nyumbani kutoka huku kwenda kule, ule ule uliomuua Cvetko.

Huyo Gvozden wako nampa pole, ila usinichanganye naye. Yule ni mlevi. Mimi ni mwenye nyumba. Nakunywa moja nikiamka, ya kufungua damu. Ya pili ni ya kahawa, maana kahawa peke yake inachoma tumbo. Nikitoka kwa nguruwe nakunywa kwa sababu ya baridi, na kiangazi kwa sababu ya joto. Kabla ya chakula ni ya hamu, baada ya chakula ni ya kusukuma, halafu Svetozar akipita, na Svetozar hupita. Usiku sinywi kabisa, naweka tu kikombe karibu na mto kwa ajili ya kikohozi. Huo ni ulevi? Miaka hamsini nimeishi hivyo, na hakuna aliyewahi kuniokota mtaroni.

Basi nimeanza leo pamoja na nyumba. Sijanywa tangu nilipoamka. Nilitaka uje ukute mwezi mzima umepita, kuta zimesahau. Mpaka sasa ni mchana na sijafa, mwambie Padre.

Kichwa kinauma kidogo. Ni upepo.

Radisav, Msabato


Lipovo, 24 Nov.

Tihomir mkono hauandiki vizuri usinicheke. Ni mafua. Ni yale madirisha. Nimeyafunga lakini upepo umeshabaki ndani.

Shati nimebadilisha mara tatu, limelowa tena. Sijalala tangu juzi. Sitaki Kosara ajue, atakuja na chai yake ile ya majani atakaa kwenye kiti changu. Mlango nimeukaza kwa kabati.

Masikio yanalia. Yanalia kama simu, yananyamaza, yanalia tena, tangu asubuhi. Nimeyaziba kwa sufu.

Ukutani kuna watu wadogo. Wa kimo cha kidole. Wamevaa kofia kama kamati ya kijiji na wanapanda kuelekea kwenye saa. Nilimuuliza mmoja, "Mnakwenda wapi?" akasema wanakuja slava. Nikasema bado. Hawasikii.

Mama yako yuko jikoni anafagia. Sijamwambia kwamba alikufa, asije akaudhika.

Ila bafuni kuna mtu. Mlango hakuna kwa hiyo namwona toka hapa. Ni wewe, vile ulivyokuwa siku ile, midomo ya bluu, na kiatu kimoja. Nakuita hujibu. Nakwambia inuka mwanangu hata wageni hawajafika. Huinuki. Naogopa kuja huko. Mara ile nilikuja nikakubeba. Sasa miguu haitaki.

Padre ruka hapa. Ruka yote.

Sikunywa


Nyumba ya Lazaro, 24 Novemba

Baba,

Barua yako ya Malaika Mikaeli imefika leo asubuhi. Padre aliisoma kabla yangu kama kawaida, na safari hii hakuniletea mkononi, alikuja mbio shambani nguo yake nyeusi ameishika magotini.

Sikiliza. Usiache. Narudia, Baba, mimi Tihomir ndiye ninayekuandikia: KUNYWA. Kunywa kidogo, kaa kitako, mwite daktari, mwambie kila ulichoniandikia, ya damu, ya kahawa, ya nguruwe, zote. Gvozden nilimsomea orodha yako. Hakucheka. Alisema, "Mzee wako ananishinda."

Tumepiga simu nyumbani tangu asubuhi, inaita tu. Svetozar hapokei. Wa gari la wagonjwa wanasema barabara ya kwenu imezibwa na theluji mpaka kesho, na kwamba mzee anayeumwa kichwa si dharura.

Trekta la watawa linateremka sasa. Padre alinitazama akasema, "Panda, tunakwenda." Nilivaa koti. Nilifika kwenye trekta, nikashika chuma, nikaweka mguu mmoja. Baba, sikuweza. Niliona kituo cha mabasi, nikaona mlango wa nyumbani, nikakuona umelala mimi nimechelewa, na nilijua kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikikukuta umekufa sitarudi huku tena. Nilitapika kwenye theluji. Padre alinishika kichwa, akapanda peke yake.

Ananisubiri nimalize barua hii aje nayo. Mtu wa nguo nyeusi anayekupa hii usimwogope, ni yeye.

Tihomir

Mzee Radisav, kwa mkono wangu: mimi niliyekukataza tone nyumbani sikuuliza kwanza nani anaishi humo. Kosa hilo ni langu. Ukisoma haya, kunywa kikombe kimoja, na dhambi yake iwe juu yangu. Joanikije.


Donje Lipovo, 27 Novemba

Tihomir,

Ni shangazi yako Kosara. Baba yako yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua.

Na sasa kaa chini. Padre wako alifika jioni ile kwa trekta, akapita kwangu kwanza, nywele zote barafu. Tukaenda pamoja. Mlango umekazwa, ndani anaongea na watu. Padre akaingia kwa dirisha la ghala, mwanamume mzima na joho lake, nikamsukuma kwa nyuma, Mungu anisamehe. Nikasikia Radisav anasema, "Karibu, Mtakatifu Nikola, umewahi, samaki bado." Kisha akamtazama vizuri akabadilika. Akapiga kelele, "Huyu humchukui! Chukua mimi!" akachukua fimbo ya jiko akampiga nayo usoni. Nyusi ya kushoto imepasuka. Alikuwa amesimama mbele ya lile bafu lake, mikono ameitanua, anamlinda mtu. Bafuni hamna mtu, Tihomir. Mna ndoo.

Alikuwa amevaa suti ya slava. Suruali imelowa.

Padre alimkumbatia wakaanguka wote. Baba yako akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yakageuka juu. Nilidhani ndiyo basi. Ikapita. Padre akanipigia kelele, "Mama, leta rakija!" Nikasema, "Padre?" Akasema, "Leta, au kalete sanda!" Nikaenda kwa Svetozar, ambaye simu haipokei kwa sababu amelala kando ya pipa la amana. Nikarudi na kikombe. Padre akampakata kichwa, akamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, kama anavyowapa watu komunyo, huku damu yake mwenyewe inamdondokea kwenye ndevu. Nusu ya kijiji ilishafika dirishani. Sasa wanasema yule Padre anayewaponya walevi amekuja Lipovo kumlewesha Radisav. Waseme.

Gari la wagonjwa lilipita alfajiri nyuma ya greda. Yuko hospitali ya mjini. Wamemfunga mikono kwa vitambaa. Mapafu nayo yamevimba. Daktari, msichana mdogo, aliniuliza baba yako anakunywa kiasi gani. Nikasema, hanywi, anakunywa kama watu. Akanitazama. Nikaona aibu, wala sijui aibu ya nani.

Anakuita. Usiku na mchana, Tihomir, Tihomir, inuka.

Barua yake hii niliikuta mezani, naiambatisha. Mimi nimeisoma, nikatamani nisingejua kusoma.

Slava inakuja. Mwenye nyumba amefungwa kitandani. Nani atawasha mshumaa, mimi? Njoo, au usije. Lakini usije ukaniambia unaogopa, kwa maana tunaogopa wote na mimi hata trekta sikuulizwa kama nitaweza.

Shangazi yako,
Kosara


Nyumba ya Lazaro, 10 Desemba

Baba,

Kosara anasema sasa unawajua watu na unamtukana mhudumu wa chakula, kwa hiyo nakuandikia.

Padre amerudi na mshono wa nyusi. Watu hapa wanamheshimu zaidi kuliko mwanzo.

Barua yako ya watu wadogo ninayo. Nimemwomba Padre aiache kwangu. Sijaweza kuisoma zaidi ya mara moja.

Nitateremka tarehe kumi na nane, pamoja na Gvozden, maana peke yangu siruhusiwi na peke yangu siwezi. Nitasimama mlangoni mimi. Kutakuwa na samaki, ngano ya kuchemsha, mkate, kahawa, na maji ya matunda. Anayetaka kingine aende kwa Svetozar. Kila nikifikiria mkono wa kwanza ulionyooshwa unasubiri kikombe, natoka nje kwenda kwa mbuzi. Lakini nitapita hospitali kwanza nikuone. Nina neno la kukuambia kuhusu trekta, na nataka niliseme nikikutazama.

Usife kabla sijafika, tafadhali. Wala baada.

Tihomir


Hospitali ya mji, 22 Desemba

Mwanangu,

Barua hii haipiti posta. Ranko, dereva wa lori la ngano linalopanda huko kwenu, yuko nje anakula mkate. Nitampa aiweke mfukoni kwake. Padre, hii usiisome kwanza. Mpe mwenyewe. Nyusi, pole.

Leo wananitoa. Yule daktari msichana alikaa kitandani kwangu, akaniuliza, "Mzee, unakunywa kiasi gani?" Nikasema, kama mwanamume yeyote. Akasema, "Mtaje huyo mwanamume." Nikamtaja Cvetko. Akauliza, Cvetko alikufa na nini? Nikasema, upepo. Akaandika. Tihomir, nilihesabu vikombe vya Cvetko kwa vidole mpaka sahani zikaja.

Kosara kanisimulia slava. Kwamba watu walijaa mpaka kwenye ngazi, si kwa upendo, kwa kutaka kuona. Kwamba wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mwalimu mstaafu, ukamwekea bilauri ya maji ya matunda, akaitazama kama umemwekea chura. Kwamba Gvozden akasimama nyuma yako na mabega yale, na mwalimu akanywa yote akasema ni tamu. Na kwamba mshumaa uliwashwa kwa njiti ya tatu. Mimi ningemaliza kiberiti.

Sasa lile jambo. Tarehe kumi na nane ulikuja ukakaa kando ya kitanda changu nusu saa na zaidi. Uliwaambia wauguzi wasiniamshe. Ulinishika mguu juu ya blanketi. Uliongea polepole kuhusu trekta na theluji na chuma baridi.

Nilikuwa macho. Nilifumba. Nilisikia yote. Nilisema moyoni nikifungua macho atanitazama, na akinitazama atajua kwamba mzee huyu hana jipya la kumfundisha tena, na kwamba anaogopa kwenda nyumbani kwake. Basi nikakoroma kidogo ili uamini. Mtu wa miaka sabini na moja. Ukaondoka.

Ulifanya vizuri kutopanda lile trekta. Ungeingia nyumbani ningekupiga fimbo wewe, nikidhani ni wewe mwingine unatoka bafuni.

Kosara anataka nikae kwake, na majani yake. Svetozar kanitumia salamu kwamba amana yangu iko salama, imebaki nusu. Usiku kucha nimeiwaza hiyo nusu. Siwazi Mungu, siwazi mama yako, nawaza nusu ya mapipa ghalani kwa mtu mwingine. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu kweli. Wale watu wadogo wa ukutani walikuwa mzaha. Nilimwambia daktari habari ya hiyo nusu, akasema panda lori uende kwa mwanao.

Sijui kusali. Najua kuamkua watakatifu tu na kuwatania. Huko kwenu watanicheka, na mbuzi sijawahi kukamua, ni kazi ya wanawake. Sijaahidi kukaa. Nimeahidi kupanda.

Ila kuna baa ya Mialoni Mitatu pale njia inapogawanyika. Ranko husimama kunywa kahawa. Nimemwambia asisimame. Amesema atajitahidi, lakini lori ni bovu na kilima ni kile, injini huhitaji kupoa. Pale kuna meza karibu na jiko. Mhudumu hata haulizi, anaweka tu.

Kwa hiyo sikiliza. Ranko akikupa barua hii na mimi nimesimama nyuma yake nimeshika kofia, usiisome mbele ya watu. Itie mfukoni, unioneshe pa kulala, tusiongee mpaka kesho.

Akikupa akiwa peke yake, usisimame barabarani kunisubiri na usimtume Padre, ana uso mmoja tu. Teremka wewe. Mchukue Gvozden, mchukue yeyote, lakini uje wewe. Meza ya karibu na jiko. Nitakutukana, nitakwambia nilikuwa nakuja kesho. Usinijibu. Nishike mkono kama nilivyokubeba, twende.

Ranko anapiga honi.

Baba yako,
Radisav